Hatari ya Pangoni Siyo Papa



Sisi watu wa Chiungutwa tunamfahamu papa. Lakini tunamfahamu akiwa mkavu, amekatwa vipande, yuko sokoni. Akiungwa kwa nazi, ugali haubaki. Papa aliye hai wengi wetu hatujamwona, maana bahari iko mbali.

Basi tukisikia kuwa wako watu wanaozamia mpaka ndani ya mapango ya bahari, wakawakuta papa humo, tunauliza: "Hawaliwi?" Swali hilo ni zuri. Leo tutalijibu. Kumbe hatari kubwa iko mahali pengine.

PAPA WALIOLALA

Zamani watu walidhani kuwa papa hawezi kutulia. Walisema akisimama atakosa pumzi, atakufa. Lakini katika miaka ya 1970 mama mmoja wa Marekani, mtaalamu wa samaki, jina lake Eugenie Clark, alizamia katika mapango karibu na kisiwa cha Isla Mujeres, nchi ya Mexico. Aliwakuta papa wamelala chini, wametulia, wanapumua. Aliwakaribia, akawachunguza. Hawakumla.

Hapa kwetu Tanzania, huko Mafia, yuko papa potwe. Huyu hakai pangoni. Ni samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani. Anaweza kufika mita 12 na zaidi. Lakini chakula chake ni vijidudu vya baharini na samaki wadogo. Watu huogelea naye karibu na Kilindoni.

Hatusemi kuwa papa wote ni wapole. Wako wanaoweza kumng'ata mtu. Papa asiguswe, wala asizibiwe njia. Hata paka ukimbana kwenye kona atakuparura.

HEWA YA MTUNGI

Samaki anapumua majini. Mtu hawezi. Kwa hiyo mzamiaji hubeba mgongoni mtungi wa chuma wenye hewa. Chombo chake cha kupumulia kilitengenezwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques Cousteau na Émile Gagnan. Hewa hiyo ni hii hii tunayovuta. Imeshindiliwa kwa mashine, kama tunavyojaza upepo katika tairi la baiskeli.

Sasa tukumbuke kuwa maji yana uzito. Akina mama wanaobeba ndoo kichwani wanajua. Mzamiaji hubanwa na maji pande zote. Akifika mita 10 chini, hubanwa mara mbili kuliko alivyokuwa juu. Akifika mita 30, mara nne. Hapo pumzi moja hula hewa ya pumzi nne. Mtungi ambao juu ungetosha saa moja, huko chini utakwisha kwa robo saa.

Hatari nyingine ni kupanda haraka. Mtu akipanda, hewa iliyobanwa hutanuka. Akizuia pumzi, mapafu yanaweza kupasuka, kama mpira uliojazwa upepo kupita kiasi.

Tena hewa nyingine imekwisha ingia katika damu. Tazama chupa ya soda. Ukiifungua kwa ghafula, povu linatoka. Basi na damu ya mtu aliyepanda haraka hufanya mapovu. Viungo huuma, miguu hupooza, na mtu aweza kufa. Ndiyo maana mzamiaji hupanda polepole, huku anapumua.

Pangoni mambo huzidi. Juu ya kichwa kuna mwamba, huwezi kupanda moja kwa moja. Ukipiga mguu, tope linatibuka, huoni hata mkono wako. Waliofundishwa hufunga kamba mlangoni, wakaifuata wakati wa kutoka. Hewa huigawa mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la akiba.

KIFO CHA MZAMIAJI HODARI

Mwaka 2003 wavuvi wa Songo Mnara, Kilwa, walivua samaki anayeitwa silikanti. Ni samaki wa kale sana. Wataalamu walidhani amekwisha duniani, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Mchana hukaa mapangoni, chini sana.

Mwaka 2000 wazamiaji wa Afrika Kusini walimwona silikanti huko Sodwana, chini ya mita 100. Mwezi wa Novemba walirudi na kamera. Mmoja wao akazimia huko chini. Mwenzake, Dennis Harding, alikuwa naye, wakapanda haraka mno. Aliyezimia alipona. Harding alikufa. Papa hakumgusa. Kilichomwua ni hewa.

TUFANYE NINI?

Vijana wetu huteremka Mtwara kutafuta kazi. Siku moja kijana anaweza kuambiwa: "Vaa mtungi, zamia, utalipwa." Asione haya kuuliza. Nani atanifundisha? Nani amekagua mtungi huu? Nani atakuwa nami majini? Kama hakuna jibu, kazi hiyo aiache. Fedha hutafutwa tena, uhai hautafutwi.

Na mtu akitoka majini analalamika viungo, ganzi au kizunguzungu, tusiseme ati amepagawa na jini. Tumpeleke hospitali upesi. Tumwambie daktari kuwa alizamia kwa mtungi wa hewa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini mzamiaji hupanda polepole?
2. Kwa nini hewa hugawanywa mafungu matatu?
3. Je, kijijini kwetu kuna kazi ambayo tunaogopa jambo dogo na kusahau hatari kubwa?