Nafasi ya Ndoa katika Utawala wa Kaizari Zeno wa Bizanti

Zeno, aliyetawala Milki ya Roma ya Mashariki kuanzia mwaka 474 hadi 491, hakuzaliwa katika ukoo wa kifalme. Alitoka Isauria, nchi ya milima kusini mwa Asia Ndogo, ambako jina lake la awali lilikuwa Tarasis. Wakazi wa Konstantinopoli waliwadharau Waisauria na kuwaona kuwa washenzi, ingawa walikuwa raia wa Roma. Hata hivyo, Kaizari Leo wa Kwanza aliwahitaji ili kupunguza nguvu za jemadari Aspar. Kwa sababu hiyo, alimwoza Zeno binti yake, Ariadne.

Ndoa hiyo ndiyo iliyomfikisha Zeno kwenye kiti cha enzi. Leo alipofariki Januari 474, alirithiwa na mjukuu wake, Leo wa Pili, mtoto wa Zeno na Ariadne aliyekuwa na umri wa takriban miaka 7. Zeno alitawazwa kuwa kaizari mwenza wa mwanawe, na mtoto huyo akafariki mwaka huohuo. Lakini ukwe haukuwa kinga tosha. Mwaka 475 mama mkwe wake, Verina, alishiriki njama dhidi yake; Basiliscus, kaka yake Verina, akatwaa enzi, naye Zeno akakimbilia Isauria hadi aliporejea mwaka 476.

Zeno alipofariki mwaka 491, Ariadne ndiye aliyemteua mrithi: Anastasius, ofisa wa kasri, ambaye alitawazwa kisha akamwoa. Hivyo, haki ya kutawala ilipitia kwa mwanamke ambaye mwenyewe hakuwahi kutawala kwa jina lake.