Dawa za miti za kutuliza mawazo: kabla hujambebesha mtu mzigo kutoka Tunduma

Wenzangu wa Songwe tulio Uingereza, likizo zikiisha ndugu hurudi na vifurushi vya mizizi na magome yaliyosagwa: hiki cha usingizi, hiki cha presha, hiki cha mawazo. Biashara hii ina asili yake, na ni vyema tuijue.

Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ni mji wa kusubiri. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo hupanga foleni, dereva akalala kwenye kabini, mfanyabiashara akakesha akiwaza mtaji uliokwama ndani ya mzigo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda, yenye madaktari wa akili, iko Mbeya, mwendo wa takribani kilomita 100. Muuza dawa za miti yuko sokoni, hadai kadi wala miadi, na anakusikiliza. Kumfuata si ujinga. Ndiye aliye karibu.

Serikali ya Tanzania nayo imemtambua. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya 2002, iliunda Baraza linalosajili waganga, vituo na dawa zao. Utafiti ulitangulia sheria: kitengo cha tiba asili kilianza Muhimbili mwaka 1974, na leo ni taasisi kamili ya chuo kikuu.

Kwa nini dawa za mimea zichunguzwe? Kwa sababu zina nguvu. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba, Uswisi, walitenga reserpini kutoka mzizi wa mmea wa India uitwao Rauvolfia. Ilishusha presha na kuwatuliza wagonjwa wa akili, lakini baadhi ya walioitumia waliripotiwa kupatwa na huzuni nzito. Msesewe, ambao Wachaga hutia magome yake kwenye pombe ya mbege, ni wa jenasi hiyohiyo. Mtu anayemeza vidonge vya presha akiongeza mzizi wa aina hii, presha inaweza kushuka kupita kiasi. Hata Hypericum, mmea unaouzwa Ulaya kwa wenye huzuni, hupunguza nguvu ya baadhi ya ARV na ya vidonge vya uzazi wa mpango.

Hapa Uingereza, tangu 2011, dawa ya jadi ya mimea iliyotengenezwa kiwandani haiuzwi dukani bila usajili. Nyingi utaziona na namba inayoanza na THR. Mtengenezaji huonyesha kuwa imetumika miaka 30, angalau 15 ikiwa Ulaya, na ubora wake hupimwa. Namba hiyo haithibitishi kwamba inaponya. Inakuhakikishia kilichomo.

Kifurushi kisicho na lebo hakina hata uhakika huo. Tena Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ni Zambia, yenye mamlaka yake ya dawa. Usajili wa Tanzania hauvuki mpaka.

Kwa hiyo muulize muuzaji jina la mti na namba ya usajili. Akishindwa kujibu, usinunue. Mwambie daktari wako kila unachokunywa, naye mama nyumbani afanye vivyo hivyo. Na anayewaza kujidhuru asiachiwe dawa ya unga: apelekwe hospitali siku hiyohiyo.