Asiyeweza kunena naye huumwa: Jinsi ya kutambua maumivu yake

MTOTO mwenye mtindio wa ubongo anapokataa uji na kulia usiku kucha, jamaa wengi husema hiyo ndiyo hali yake. Kumbe huenda jino limeoza, choo kimekuwa kigumu au nyonga imeteguka. Kwa kuwa hawezi kunena, maumivu hayo hukaa bila tiba.

Masaibu hayo huwakumba pia wazee waliopoteza usemi kutokana na kiharusi. Familia inayotoka Igembe kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru, au Mbeere kwenda hospitali ya rufaa mjini Embu, husafiri mwendo mrefu ili mgonjwa aonwe kwa muda mfupi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Daktari hutegemea aliyoyaona mlezi nyumbani.

Mojawapo ya vipimo vinavyotumiwa na wahudumu wa afya ni FLACC, kilichochapishwa nchini Marekani mwaka wa 1997. Mhudumu hutazama mambo matano: uso, miguu, jinsi mwili unavyotulia au kujipinda, kilio, na iwapo mgonjwa anabembelezeka. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 2, jumla ikiwa 10. Alama zikipanda, maumivu huchukuliwa kuwa makali zaidi.

Mwaka wa 2006 kipimo hicho kilirekebishwa kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa akili, mzazi akaruhusiwa kuongeza ishara za mwanawe. Yupo anayejiuma mkono, yupo anayekakamaa, na yupo anayenyamaza ghafla.

Mgonjwa anayeelewa maneno aulizwe swali moja kwa wakati, kwa Kimeru, Kiembu au lugha yoyote aliyoizoea. Akifumba macho mara moja iwe ni ndiyo, mara mbili iwe ni la. Anayeweza kunyosha kidole aonyeshwe mchoro wa mwili, naye aguse panapouma. Apewe muda wa kutosha kujibu.

Mlezi naye aandike katika daftari ishara alizoona, saa, chakula, choo na dawa iliyoleta nafuu, kisha alibebe daftari hilo hospitalini.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mlemavu haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Kwa asiyeweza kunena, kope na kidole ni njia hiyo, na anayemhudumia anapaswa kuisikiliza.