Beberu Anayejikamua Hajafunga Choo

Mbuzi dume amejitenga pembeni mwa zizi. Ametanua miguu ya nyuma, mkia unachezacheza, anajikamua huku akilia na kusaga meno. Mwenye mbuzi anasema choo kimefunga, anamnywesha mafuta ya kula. Siku ya tatu mbuzi amekufa. Utumbo haukuwa na shida. Kilichoziba ni njia ya mkojo.

Vijiwe vya mkojo humpata jike pia, lakini njia yake ni fupi na pana, hivyo hutoka bila mtu kujua. Ya dume ni ndefu, nyembamba, tena hujikunja mfano wa herufi S. Mbuzi na kondoo wana kasoro ya ziada: ncha ya uume ina kimrija chembamba ambacho kijiwe kidogo tu hutosha kukiziba. Aliyehasiwa ndiye huumia zaidi, hasa aliyehasiwa mapema, kwa kuwa homoni za dume ndizo zinazoikuza njia hiyo. Ukimbana koleo akiwa na mwezi mmoja, njia hubaki ya kitoto maisha yake yote. Kama unakusudia kumnenepesha, subiri afikishe walau miezi minne.

Kwa nini nalisema hili kwa watu wa Bariadi? Kwa sababu ya pamba. Simiyu ni kinara wa zao hilo nchini, na mbegu zikishakamuliwa mafuta, mashudu huingia zizini. Ni chakula kizuri chenye protini nyingi, sina ugomvi nacho. Ila fosforasi yake ni karibu asilimia 1 na kalsiamu ni kidogo mno, ilhali mbuzi anahitaji kalsiamu iwe takribani mara mbili ya fosforasi. Pumba za mahindi zina kasoro hiyohiyo, kwa hiyo anayechanganya mashudu na pumba akidhani amesawazisha mlo, amezidisha tatizo.

Mnyama anayecheua nyasi ndefu hutoa mate mengi, na mate hayo hubeba fosforasi ya ziada hadi itoke na kinyesi. Akishiba mashudu bila nyasi, kucheua hupungua, na mzigo wote huelekea kwenye figo. Huko fosforasi hushikana na magnesiamu na amonia, zinakuwa chengachenga. Lambo likikauka naye akanywa maji kwa kubahatisha, mkojo huwa mzito na chenga hugeuka vijiwe.

Ndiyo maana naiheshimu ngitili. Wasukuma walikuwa wakifunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili mifugo ipate nyasi kiangazi, na mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI ulioanza 1986, Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado mkoani Shinyanga, ukaufufua utaratibu huo. Wengi huusifia kwa kurudisha miti. Mimi naona pia kinga ya kibofu: nyasi kwanza, mashudu baadaye na kwa kiasi, yakichanganywa na chokaa ya mifugo, kisha chumvi ya kulamba ili mnyama awe na kiu, na maji ya kutosha kuikata.

 

Kila jioni tazama nywele za mlango wa uume. Zikiwa kavu na zimeganda chenga nyeupe, hiyo ni dalili ya mapema. Mkojo ukianza kudondoka matone, au ukiwa na damu, ita daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Kwa mbuzi anaweza kukata kile kimrija, na wengine hukojoa papo hapo. Usimpe dawa ya kuongeza mkojo: mlango umefungwa, utapasua kibofu. Kikipasuka mnyama hutulia ghafla, mwenyewe akafurahi, kumbe mkojo unamwagikia tumboni.

Kwa maksai wa plau hesabu ni ngumu zaidi, maana upasuaji ni ghali na wengi hawarudi kazini. Kama uamuzi ni kumchinja, uamue siku ya kwanza, kabla ya sindano yoyote. Dawa ikishaingia, nyama yake hailiwi mpaka siku zake zipite, na kibofu kikishapasuka, nyama hunuka mkojo na mkaguzi huitupa.