Mbwa na Mwenyewe

Katika vijiji vingi vya Afrika ya Mashariki mbwa huonekana amelala karibu na mlango wa nyumba. Usiku hulinda zizi la mbuzi. Mchana huwafukuza nyani na ngedere waharibuo shamba la mahindi. Lakini mnyama huyu hapewi heshima nyingi. Jina lake hutumiwa kuwa tusi, na chakula chake mara nyingi ni mabaki yaliyotupwa. Naye akimwuma mtu, watu husema, "Huyu ni mbwa mbaya," kisha huokota mawe. Ni wachache waulizao ni nani aliyemfanya kuwa mbaya. Wazee walilijua jibu, wakasema: Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Maana yake, tabia ya mbwa hutoka kwa mwenyewe. Jambo hili lafaa kuchunguzwa vema, kwa kuwa wanaoumia zaidi kwa kutolijua ni watoto.

Mbwa alifugwa kabla ya wanyama wengine wote, zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, kabla ya ng'ombe na mbuzi, na hata kabla watu hawajaanza kulima. Asili yake ni mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia, ambaye si yule mbwa mwitu mwenye madoa wa nyika za Afrika. Mnyama huyo wa kijivu huishi kwa jamaa, wala hapendi upweke. Mbwa wa nyumbani amerithi tabia hiyo, ila kwake jamaa ni watu wa nyumba ile. Kwa hiyo mbwa afungwaye kamba peke yake mchana na usiku huingiwa na hofu na hasira, na hofu ndiyo mama wa meno.

Mtoto wa mbwa huzaliwa kipofu na kiziwi. Macho yake hufumbuka apatapo majuma mawili hivi. Tangu juma la tatu mpaka kama la kumi na mbili hujifunza ni vitu gani vya kuogopwa na vitu gani vya kuzoewa. Katika siku hizo akishikwa kwa upole na wakubwa na wadogo, akizoea sauti za watoto, kuku, mbuzi na baisikeli, hatavishtukia vitu hivyo maisha yake yote. Wala haifai kumwondoa kwa mama yake kabla ya majuma manane, kwa maana katika kucheza na ndugu zake hujifunza kutouma kwa nguvu. Hapo ndipo lionekanapo neno la wahenga: Samaki mkunje angali mbichi.

Tuseme majirani wawili wamechukua watoto wa mbwa wa mama mmoja. Wa kwanza amfunga wake kwa kamba fupi nyuma ya nyumba, apate kuwa mkali. Watoto humtupia mawe na kucheka. Hulishwa siku akumbukwapo. Akikata kamba na kutoroka, hupigwa siku arudipo. Wa pili humpa wake jina fupi, naye humwita kwa jina hilo kila wakati wa chakula. Akija, husifiwa na kupewa kipande kidogo cha dagaa. Akitafuna kiatu, huambiwa "Hapana" kwa sauti nzito, na papo hapo hupewa mfupa mbichi atafune badala yake. Mwaka ukiisha, mbwa wa kwanza amemwuma mtoto aliyetumwa kuomba chumvi. Yule wa pili hubweka vile vile akisikia mgeni, lakini mwenyewe akimwita hunyamaza. Damu yao ni moja. Malezi yao ndiyo mbalimbali.

Sababu yake si ngumu. Mtaalamu wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kuchunguza jinsi chakula kisagwavyo mwilini, aliona kuwa mbwa wake walianza kudondokwa na mate walipomwona tu mtu aliyezoea kuwalisha. Mbwa huyaunganisha mambo mawili yatokeayo pamoja. Basi apigwaye arudipo nyumbani haelewi kuwa kosa lake ni kutoroka asubuhi. Huelewa kwamba kurudi ni kupigwa. Kesho akiitwa hatakuja. Sifa na zawadi zitolewe mara ile ile atendapo vema, na watu wote wa nyumba watumie neno moja kwa jambo moja, asije akachanganyikiwa.

Malezi bila chakula ni kazi bure. Mbwa hula ugali, wali na viazi, lakini hana budi kupata pia nyama, samaki au dagaa. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, hupasuka vipande vyenye ncha na kuweza kutoboa matumbo. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwake. Maji safi yawepo siku zote, kwa kuwa mbwa hatoki jasho mwilini kama mtu, bali hupunguza joto kwa kuhema, ulimi nje. Akikosa maji na kivuli huweza kufa siku ya jua kali. Mwili wake ukaguliwe mara kwa mara, hasa masikioni na katikati ya vidole, kupe wapate kuondolewa. Dawa ya minyoo aulizwe daktari wa mifugo, na watoto wanawe mikono wamalizapo kucheza naye, maana minyoo mingine ya mbwa huweza kumwingia mtu.

Mbwa hana maneno, lakini ana lugha. Afyataye mkia, akalaza masikio na kugeuza uso, asema, "Naogopa, niache." Akaushaye mwili, akakaza macho na kusimamisha manyoya ya mgongo, asema, "Usikaribie." Akikenua meno na kunguruma, hilo ni onyo la mwisho. Wengi hudhani kuwa kila mbwa atikisaye mkia amefurahi. Sivyo, kwa maana mkia ulioinuliwa juu na kutikiswa upesi kwa ukakamavu huweza kuwa dalili ya hasira. Wala haifai kumpiga mbwa kwa sababu amenguruma. Huyo hujifunza kuuma bila kuonya kwanza.

Kwa hiyo mtoto mwenye akili hamgusi mbwa alaye, alalaye, wala anyonyeshaye. Akikutana njiani na mbwa asiyemjua, hakimbii, kwa kuwa mbwa hukifukuza kikimbiacho. Husimama kimya kama mti, mikono ubavuni, bila kumkazia macho, mpaka mbwa aende zake. Akiangushwa, hujikunja na kufunika kichwa na shingo kwa mikono.

Liko jambo moja ambalo malezi mema peke yake hayawezi kulizuia, nalo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, huingia kwa jeraha, kisha hufuata mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Mbwa mpole kuliko wote huweza kuumwa usiku na mbwa mgonjwa, akaupata. Mnyama aliyeshikwa hubadilika tabia: mwingine huwa mkali na kuuma ovyo, mwingine hutulia na kupooza taya au miguu, mate yakimtoka. Yakadiriwa kuwa watu kama 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika, na katika kila watu kumi wanne hivi ni watoto wasiotimiza miaka 15. Dalili zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna aponaye. Lakini kabla ya dalili, kinga ipo.

Mwezi wa Julai mwaka 1885 mtoto wa miaka 9 kutoka Alsace, jina lake Joseph Meister, aliumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa. Mama yake akampeleka Paris kwa mtaalamu Louis Pasteur, aliyekuwa ameijaribu kinga yake kwa mbwa. Mtoto akachomwa sindano 13 kwa siku mbalimbali, na ugonjwa haukumpata. Tangu siku hizo chanjo imeboreshwa sana.

Basi mtu akiumwa, au akikwaruzwa, au mate ya mbwa yakiingia katika jeraha, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yatiririkayo, kwa muda wa dakika 15. Lisitiwe majivu, pilipili wala mafuta. Kisha mtu huyo aende hospitali siku ile ile, ijapokuwa jeraha ni dogo, na amalize sindano zote aambiwazo. Mbwa aliyeuma, akijulikana, afungwe na kuangaliwa siku 10. Lakini matibabu ya mtu yasingoje siku hizo.

Hapa ndipo watoto wengi walipopotea. Mtoto alikatazwa kumchokoza mbwa, akamchokoza, akaumwa kidogo mguuni. Kwa kuogopa fimbo ya baba yake akaficha jeraha chini ya nguo. Jeraha likapona, mtoto akasahau, na baada ya majuma au miezi ugonjwa ukatokea, wala haukuwa na dawa. Mtoto ajue kuwa adhabu ya fimbo hupita, lakini siri ya namna hii huua. Na mzazi naye ajue kuwa mtoto asemaye kweli juu ya jeraha anastahili kupelekwa hospitali kwanza; maonyo yatafuata baadaye.

Mbwa mwenyewe achanjwe kwa wakati wake, na chanjo irudiwe kama daktari wa mifugo aagizavyo, mara nyingi kila mwaka. Mahali ambapo mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kwa hiyo ampelekaye mbwa wake kuchanjwa halindi nyumba yake tu, bali na watoto wa jirani.

Mbwa hachagui mwenyewe. Huchukuliwa angali mdogo, hupewa jina, naye hulinda mlango aliowekwa. Akipata chakula, maji, mafunzo na chanjo, hurudisha wema huo kwa uaminifu usiochoka. Akinyimwa, makosa yake huandikwa juu ya nani?

MASWALI
1. Eleza kwa nini mbwa wawili wa mama mmoja walikuwa na tabia mbalimbali.
2. Kwa nini haifai kumpiga mbwa arudipo baada ya kutoroka?
3. Taja dalili tatu za mbwa anayeonya.
4. Mtu aliyeumwa na mbwa afanye nini kwanza, na nini baadaye?
5. Kwa nini ni hatari mtoto kuficha jeraha la mbwa?