Diski ya nje haionekani kwenye serveri ya Linux? Usiifute kwanza

BUKAVU – Umeme ulirudi siku ya posho asubuhi, nyuma ya usiku mzima wa giza. Nyumbani kwetu, katika komini ya Kadutu, Raspberry Pi 4 ambayo ndiyo serveri ya familia iliwaka bila shida. Lakini diski ya nje iliyounganishwa nayo kwa USB haikuonekana tena. Ndani yake kulikuwa picha za marehemu baba, masomo ya wadogo zangu, na nakala ya Wikipedia ambayo watoto wa lupango huisoma bila kulipa intaneti.

«Mwanangu, picha za baba yenu zimepotea?» mama aliuliza.

Wengi wakifika hapo hukimbilia kwa fundi, na mara nyingi jibu ni moja: tuifute, tuanze upya. Msomaji mpendwa, usikubali haraka. Diski isiyoonekana si lazima iwe imekufa. Linux yenyewe husema penye shida, ukijua namna ya kuiuliza.

Swali la kwanza: diski inapata nguvu ya kutosha? Mlango wa USB 2.0 hutoa kwa kawaida miliampea 500, ule wa USB 3.0 miliampea 900. Diski inayozunguka inaweza kuomba zaidi wakati wa kuanza. Raspberry Pi 4 ina milango minne, lakini yote inagawana ampea 1,2 tu. Ukisikia diski inajaribu kuzunguka kisha inanyamaza, badilisha kwanza kebo, au tumia kigawanyo cha USB chenye umeme wake.

Swali la pili: Linux inaiona? Andika sudo dmesg -w, kisha chomeka diski na usome. Pasipotokea neno lolote, shaka ni juu ya kebo, mlango au kasha la diski. Ukisoma «over-current», nguvu inayoombwa imepita kipimo. «Error -71» huonyesha kwamba mazungumzo kati ya diski na mashine yanakatika, mara nyingi kwa sababu ya kebo mbovu au nguvu ndogo. Lakini «I/O error» ikirudia hata na kebo nzuri, huenda diski yenyewe inaugua. Simama hapo. Usiirekebishe, nakili kwanza yaliyomo kwenye diski nyingine kwa programu ya ddrescue.

Swali la tatu: imeunganishwa na folda yake? Amri ya lsblk huorodhesha diski zote. Ikiwa yako imo lakini hakuna folda mbele ya jina lake, serveri imeiona ila haijaifungua.

Kwetu shida zilikuwa mbili. Mdogo wangu alikuwa ameacha flashi yake na vifaa vingine kwenye milango. Umeme uliporudi, vyote viliomba nguvu pamoja na diski, na dmesg ikaandika «over-current». Tulihamishia diski kwenye kigawanyo chenye umeme wake, ikaonekana. Hata hivyo haikufunguka: flashi ilikuwa imechukua jina sda, diski ikawa sdb, na faili ya /etc/fstab ilikuwa bado inatafuta sda1.

Dawa yake ni kutotegemea majina hayo. Amri ya sudo blkid huonyesha UUID, namba ya diski isiyobadilika kwa kuwashwa upya. Iandike hiyo ndani ya fstab, na uongeze neno nofail. Bila neno hilo, diski ikikosekana, serveri inaweza kungoja sekunde 90 kisha ikagoma kuwaka kikawaida.

Kabla ya kuifungua, tulipitisha sudo fsck /dev/sdb1, kwani umeme ulikatika diski ikiandika. Amri hiyo ni ya diski kama ya ext4 iliyofungwa. Kamwe usiitumie kwenye diski iliyo wazi. Diski ya NTFS ni heri kuirekebisha kwenye Windows, kwa chkdsk.

Picha zilifunguka zote. Mama alizitazama moja moja hadi ya mwisho. Juma lililofuata tulinunua diski ya pili, tukanakili kila kitu, tukaipeleka kwa shangazi kule Bagira. Umeme utakatika tena. Picha za baba sasa ziko katika nyumba mbili.