Mtoto asiyeona anaweza kuandika programu za kompyuta

WAZAZI wengi wa Pasua wanaijua Shule ya Msingi Mwereni, hapa hapa Manispaa ya Moshi, ambako watoto wasioona husoma pamoja na wanaoona. Lakini mtoto asiyeona akiomba kujifunza kompyuta, wengi wetu husita: ataionaje skrini?

Hahitaji kuiona, ataisikia. NVDA ni programu ya bure inayosoma kwa sauti maandishi ya kompyuta ya Windows, na sauti ya Kiswahili imo. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, akaungana na James Teh. Wote wawili hawaoni. Sehemu kubwa imeandikwa kwa Python, lugha ileile wanayoanzia wanafunzi wengi.

Ugumu upo. Katika Python, nafasi inayoachwa mwanzoni mwa mstari hubadilisha maana, na msomaji wa kusikia huikosa kwa urahisi. Ingia kwenye mipangilio ya NVDA, iambie itangaze nafasi hizo kwa maneno au kwa mlio.

Mzazi, mtafutie hedifoni, mwache aizoee kibodi bila kumshika mkono. Akikosea, usimwahi. Kompyuta itamsomea kosa, naye atalirekebisha mwenyewe.